Bustani ya kulisha kaya mwaka mzima: kinachopungua ni eneo, maji au ratiba?

Mkulima Chipukizi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Kaya yetu ina watu sita, na nyuma ya nyumba tuna eneo la takriban mita za mraba 100 linalopata jua karibu siku nzima. Mvua zikianza tunapanda kila kitu kwa pamoja, na kwa muda mboga huwa nyingi kiasi cha kuwagawia majirani. Kiangazi kikishaingia, matuta hubaki matupu nasi tunarudi kununua mboga kila siku. Je, eneo hili linatosha kweli kulisha kaya ya ukubwa huu mwaka mzima, au tutafute shamba kubwa zaidi? Ningeshukuru pia kuelezwa ni mazao gani yapewe nafasi ya kwanza.

Mzee wa Matuta amejibu:

Ndugu, kabla ya kutafuta shamba jingine, fanya hesabu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Tukichukulia kwamba gramu 250 kati ya hizo ni mboga, watu sita watahitaji kilo moja na nusu kila siku, yaani takriban kilo 550 kwa mwaka. Ukiondoa njia za kupitia, utabakiwa na mita za mraba 65 hivi za matuta. Tuta lenye rutuba na maji ya kutosha linaweza kutoa kilo mbili hadi tatu kwa kila mita ya mraba katika zao moja, na likipandwa mara tatu kwa mwaka utavuna kati ya kilo 390 na 585 kwa jumla. Kwa hiyo eneo linatosha kwa kubanana, tena kwa sharti kwamba tuta lisikae tupu.

Hapo ndipo penye kasoro katika utaratibu wenu. Mnachopanda kwa pamoja mtakivuna kwa pamoja, ilhali tumbo halili kwa mkupuo. Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu hadi nne, kwa hiyo unafaa kusiwa kipande kidogo kila baada ya wiki mbili badala ya tuta zima kwa siku moja. Sukuma wiki ni tofauti, kwa sababu ukichuma majani ya chini na kuacha ncha ya juu inayochipua, mmea huohuo utaendelea kukulisha kwa miezi kadhaa. Vitunguu vinachukua takriban miezi mitano tangu mbegu kusiwa hadi kuvunwa, na katika bustani ndogo ni vyema kujiuliza kama vinastahili kulikalia tuta muda wote huo.

Nasisitiza kitalu cha miche kuliko jambo jingine lolote. Miche ya sukuma wiki au kabichi hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, na katika wiki hizo tuta itakakohamishiwa bado linakulisha kwa zao lililotangulia. Mwenye kitalu kisichokauka ana eneo kubwa kuliko linaloonekana kwa macho. Vilevile, mazao ya kiangazi husiwa mvua zikiwa bado zinanyesha, ili jua kali liikute mizizi imekwisha kushuka chini. Anayesubiri mvua ziishe ndipo asie mbegu amekwisha kuchelewa.

Tone kwa Tone amejibu:

Nakubaliana na Mzee wa Matuta kuhusu ratiba, lakini hesabu yake inachukulia kwamba maji yapo, na kwa wengi wetu hayapo. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mboga wakati wa kiangazi hutumia takriban milimita tano kwa siku, kwa hiyo mita 60 za mraba zitadai lita 300 kila siku, na tangi la lita 10,000 litakwisha katika muda wa mwezi mmoja na siku chache. Tangi hilohilo likihudumia mita 20 za mraba litadumu siku 100. Kwa maoni yangu, ukubwa wa bustani ya kiangazi uamuliwe na tangi, si na ua. Ni afadhali matuta machache yanayoshiba maji kuliko mengi yanayoonjeshwa.

Katika mita hizo 20 weka mboga za majani peke yake, kwa kuwa nyanya na kabichi hula maji kwa wiki nyingi kabla ya kurudisha chochote. Matuta yaliyobaki yapandwe kunde mvua za mwisho zikinyesha, kwani hustahimili ukame, majani yake huliwa, na bakteria walio katika mizizi yake huongeza naitrojeni udongoni. Funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu, na umwagilie asubuhi na mapema, kwenye shina, kwa wingi utakaozama. Mazao yanayotunzika, kama vile maboga yaliyokomaa na vitunguu vilivyokaushwa vizuri, yalimwe wakati wa mvua ili yaliwe kiangazini. Ni njia ya kuweka akiba ya maji bila tangi.

Mboji Kwanza amejibu:

Naongeza jambo moja tu. Nyanya, pilipili, biringanya na viazi mviringo ni jamii moja, na zikifuatana katika tuta lilelile, mnyauko wa bakteria ukiingia hubaki udongoni kwa miaka. Tuta likilimwa mfululizo pia linachoka haraka, kwa hiyo kila zao linapong'olewa rudisha mboji iliyoiva kabla ya kupanda jingine. Samadi mbichi iache, hasa kwa mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Mkulima Chipukizi ameandika tena:

Nawashukuru nyote. Tangi letu ni la lita 5,000 tu, na kwa hesabu ya Tone kwa Tone litalisha mita 20 kwa siku 50, ilhali kiangazi chetu ni kirefu zaidi ya hapo. Je, maji ya kufulia na ya kuogea yanaweza kujazia pengo hilo?

Tone kwa Tone amejibu:

Yanaweza, kwa masharti. Yamwagwe udongoni, yasiguse majani, na yasitumike kwa karoti, saladi au chochote kinacholiwa kibichi. Yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo au yaliyofulia nepi yasifike bustanini kabisa. Usiyahifadhi zaidi ya siku moja, kwani huoza na kunuka, na ubadilishe matuta unayoyamwagilia ili chumvi za sabuni zisijikusanye mahali pamoja. Maji safi ya tangi yabakie kwa ajili ya kitalu, maana miche michanga haivumilii sabuni.