Mjadala: Mgonjwa wa moyo mwenye unene aanze sindano ya kupunguza uzito, au apungue kwanza mwenyewe?

Kalamu Butu (mleta mada):
Wadau, salaam. Baba mdogo moyo umeanza kushindwa kazi. Ni ile aina ambayo moyo bado unasukuma damu sawasawa, ila umekakamaa, haulegei ukajaa. BMI yake, kile kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ni 38. Daktari mmoja kasema aanze sindano ya semaglutaidi, mwingine kasema apungue kwanza mwenyewe. Naomba hoja, kejeli wekeni pembeni.

Chuma Chakavu:
Hoja ndiyo hii: afunge mdomo. Mizani haidanganyi.

Mama Watatu:
Haidanganyi? Kaka, mimi huu mwaka wa sita naishi na ugonjwa huo. Niliwahi kuongezeka kilo nne kwa siku tano na chakula chenyewe hakipiti. Yalikuwa maji! Mguu ukiubonyeza shimo linabaki, usiku nalala nimekaa. Sasa hapo nifunge mdomo gani? Ndiyo maana tunaambiwa tupande mizani kila asubuhi. Tunayatafuta maji, hatutafuti urembo.

Chuma Chakavu:
Dada, sikukusema wewe. Nimesema walafi.

Mama Watatu:
Na mlafi unamjuaje, kwa kumtazama? Maana hata mimi nilitazamwa hivyo hivyo. Miezi minane naambiwa pumzi inakata kwa sababu ya kitambi. Kipimo cha damu cha BNP kikatoka kizuri, wakafunga faili. Kumbe kwa watu wanene kipimo hicho husoma chini hata moyo ukiwa umeelemewa.

Nesi wa Zamu:
Hilo la BNP ni kweli, na linawaponza wengi.
Kalamu, nikurudie wewe. Kuna utafiti wa 2023, STEP-HFpEF. Wagonjwa 529, wote BMI kuanzia 30, moyo wa aina ya baba yako mdogo. Baada ya mwaka, waliodungwa semaglutaidi walikuwa wamepungua asilimia 13 na ushee ya uzito, waliodungwa sindano tupu hawakufika 3. Dalili zilipungua, na kwenye kutembea dakika sita waliongeza kama mita 20. Mwaka uliofuata ukaja utafiti wa SUMMIT wa tirzepataidi, sindano nyingine ya kupunguza uzito, moyo kuzidiwa kukapungua waziwazi. Vifo vya moyo hapana, nafuu haikuonekana.
Na angalizo: hayo ni ya moyo uliokakamaa. Kwa moyo uliolegea, usiosukuma, liraglutaidi, ndugu yake semaglutaidi, ilijaribiwa zamani kidogo na haikusaidia, hata ikazua wasiwasi.

Popo wa Mchana:
Nesi umeruka kitu. Mbona wanene wenye ugonjwa huu huishi muda mrefu kuliko wembamba? Wataalamu wenyewe wanaita kitendawili. Utamkondesha mzee wa watu halafu iweje?

Nesi wa Zamu:
Wembamba wengi hapo ni waliokwisha kuliwa na ugonjwa, mkuu. Watafiti walipochukua kiuno wakagawanya kwa urefu badala ya BMI, kitendawili kiliyeyuka.

Popo wa Mchana:
Basi tunakubaliana BMI ni uzushi. Aliyeibuni ni Mfaransa fulani wala hakuwa daktari.

Mzee wa Tarehe:
Mbelgiji. Adolphe Quetelet. Mwanafalaki na mtu wa takwimu, alikuwa anamsaka "mtu wa wastani". Jina BMI limekuja 1972, yeye yuko kaburini karibu miaka mia. Kama hujui, uliza.

Popo wa Mchana:
Mfaransa, Mbelgiji, tofauti iko wapi? Hoja yangu imesimama.

Mzee wa Tarehe:
Imesimama kwa mguu mmoja. Kazaliwa Ghent, 1796. Fungua ramani.

Popo wa Mchana:
Nimeifungua. 1796 Ghent ilikuwa chini ya Ufaransa, waliitwaa mwaka mmoja kabla. Kaa kitako mzee wangu 😂

Chuma Chakavu:
Naona mmenisahau. Haya, sindano ukiiacha uzito unarudi. Nani anabisha?

Nesi wa Zamu:
Habishi mtu. Walioacha semaglutaidi walirudisha kama theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka.

Chuma Chakavu:
Asante! Kwa hiyo atadungwa mpaka lini, kiyama?

Mama Watatu:
Vidonge vyangu vya moyo nikiviacha maji yanarudi ndani ya wiki. Navyo nitavimeza mpaka kiyama. Mbona hivyo hukuniambia ni uvivu?

Chuma Chakavu:
Una hasira sana wewe dada, si nzuri kwa moyo.

Mama Watatu:
Moyo wangu uache. Wewe omba radhi kwa neno "walafi".

Popo wa Mchana:
Aombe, mimi shahidi.

Chuma Chakavu:
Sikutaja jina la mtu. Aliyejivika kofia ni yeye.

Kalamu Butu (mleta mada):
Jamani, baba mdogo anarudi kwa daktari Jumatatu. Sindano ndiyo au siyo? Na vipi misuli, haitaisha pamoja na mafuta?

Nesi wa Zamu:
Misuli hupungua pia, umeuliza vizuri. Waulize watamwekea mazoezi gani, na dawa ya kutoa maji mwilini wataipunguza lini uzito ukianza kushuka. Na vile vidonge vya empagliflozini au dapagliflozini, anavyo tayari? Vinausaidia moyo wa aina hiyo, awe mnene au mwembamba.

Mzee wa Tarehe:
Kabla hamjaendelea. Mji kuwa chini ya Ufaransa hakumfanyi mtoto wake Mfaransa. Popo, nasubiri jibu.