SAT: 30-60-90, upande wa nyuzi 60 ni 9. Kwa nini haipotenusi si 18?

Swali
Wakuu, naomba msaada kwenye pembetatu mraba maalumu. Swali la mazoezi ya SAT (mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani): pembe ni nyuzi 30, 60 na 90, upande unaotazamana na nyuzi 60 ni 9, tafuta haipotenusi (upande unaotazamana na nyuzi 90). Karatasi ya fomula ina x, x√3 na 2x, na 9 mara mbili ni 18. Majibu yanasema 6√3. Kwanini? Na kwenye 45-45-90, nitajuaje lini nizidishe kwa √2 na lini nigawanye?

Jibu
Mkuu, hiyo 2x ni mara mbili ya upande mfupi, ule unaotazamana na nyuzi 30. 9 yako ni x√3. Kwa hiyo tafuta x kwanza: x = 9/√3. Zidisha juu na chini kwa √3, unapata 9√3/3 = 3√3. Haipotenusi ni mara mbili yake, 6√3. Hakiki kwa Pythagoras: 27 + 81 = 108, na (6√3)² = 108.

Ukisahau uwiano, chora pembetatu yenye pande zote 2, kisha ushushe kimo. Kitako kinagawanyika 1 na 1, pembe ya juu inabaki 30 kila upande, na kimo ni √(4 − 1) = √3. Kila kitu kiko kwenye mchoro huo. Kabla ya kukokotoa, andika x kwenye upande wa nyuzi 30, hata kama swali halijautaja. Makosa mengi huanzia hapo.

Jibu
Naongezea 45-45-90. Kutoka mguu (upande wowote kati ya ile miwili inayounda pembe ya nyuzi 90) kwenda haipotenusi unazidisha kwa √2, kurudi unagawanya. Haipotenusi ikiwa 10, mguu ni 10/√2 = 5√2, karibu 7.07. Wengi huandika 5, lakini 5 + 5 = 10, na miguu miwili haiwezi kulingana na haipotenusi kwa urefu. Ukiulizwa eneo la mraba wenye ulalo 10, usihangaike na kipeuo: ulalo mara ulalo gawanya kwa 2, yaani 50.

Jihadhari pia na √3 ya mtego. Pembetatu ya 1, √2, √3 ni pembetatu mraba kweli, maana 1 + 2 = 3, lakini haina nyuzi 30 wala 45. Ili iwe 30-60-90, haipotenusi lazima iwe mara mbili ya mguu mfupi.

Jibu
La mtihani wenyewe: SAT inakupa pembetatu hizi mbili kwenye karatasi ya fomula, ACT (mtihani mwingine wa aina hiyo) haikupi, huko zikae kichwani. Na mara nyingi hazitajwi kwa jina. Ukiona kimo cha pembetatu yenye pande sawa, ulalo wa mraba, au heksagoni yenye pande sawa ndani ya duara, ni hizo hizo.

Kwenye maswali ya SAT ya kujaza jibu mwenyewe, alama ya kipeuo haiingii. 6√3 ni 10.3923…, na nafasi ni tano ukihesabu nukta, kwa hiyo jaza 10.39. Ukiandika 10.4 unakosa, kwa sababu nafasi zilikuwepo na hukuzitumia.