Mjadala: Nyapara wa gereza la wanawake ateuliwe na afande, au wafungwa wachague wenyewe?

Binti wa Makole

Wakuu, habari za jioni. Wiki mbili sasa tukishafunga saluni hapa Makole tunaangalia Wentworth, na juzi tumebishana mpaka saa sita usiku. Kwa ambaye hajaiona, ni tamthilia ya Australia, ilianza 2013 ikaisha 2021, vipindi 100, na karibu yote inapita ndani ya gereza la wanawake. Mkuu wa gereza anauawa kwenye vurugu mapema tu. Baadaye analetwa Joan Ferguson, mama wa glavu nyeusi, anayetawala kwa kuwachonganisha wafungwa: huyu anampa upendeleo, yule anamnyima, mpaka wanaumizana wenyewe na mikono yake inabaki safi. Anayesimama mbele yake ni Bea Smith, kinara wa wafungwa.

Wenzangu wamegawanyika, huyu upande wa Bea, yule upande wa uongozi. Mimi nimekwama kwenye jambo moja. Mbele ya safari Ferguson anafungwa katika gereza lilelile alilokuwa akiliongoza, na huko ndani anapanda mpaka anakuwa kinara wa wafungwa. Mtu ni yuleyule, sare ndiyo imebadilika, na anawaumiza wanawake walewale. Nikaona ubaya haukuwa kwenye sare. Ulikuwa kwenye kile kiti, kiti cha mfungwa mwenye nguvu juu ya wenzake, ambacho uongozi unakihitaji na kukiogopa kwa wakati mmoja.

Na kiti hicho kwetu tunacho, tunakiita unyapara. Hoja yangu ni kwamba wafungwa wanawake wamchague msemaji wao wenyewe, kwa muda maalumu, awe na haki ya kumwona mkuu wa gereza bila kupitia kwa mtu, lakini asiwe na ruhusa ya kumwadhibu mwenzake hata kwa kumnyima ndoo ya maji. Karibuni.

Mzee wa Nkuhungu

Binti yangu, nimevaa sare ya magereza miaka mingi kabla ya kustaafu, nitasema kwa upole. Usiku askari mko wachache, wafungwa ni wengi. Bila mtu mmoja ndani anayejua nani mgonjwa, nani anapanga fujo, asubuhi unakuta maiti. Nyapara si anasa, ni macho ya afande pale ambapo afande hayupo.

Sasa unasema wachague. Watamchagua nani? Hiyo tamthilia na mimi nimeiona kwa mjukuu wangu. Kabla ya Bea alikuwepo Jacs Holt. Nani alimpigia kura? Aliwatawala kwa hofu, na ukiweka sanduku la kura mbele ya hofu, hofu ndiyo itakayoshinda. Au atashinda mwenye ndugu wanaomletea sabuni na sukari kila siku ya kutembelewa. Afande akiteua, angalau yupo mtu wa kulaumiwa.

Sheria Mwaka wa Tatu

Shikamoo mzee. Naomba kuongeza kitu kimoja tu, kwa sababu swali hili halikuanza na tamthilia. Kanuni za Nelson Mandela, zile za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu wafungwa, kanuni ya 40 inasema mfungwa asipewe kazi yoyote ya kuwasimamia wenzake kinidhamu. Lakini kanuni hiyohiyo inaruhusu wafungwa kujiendeshea mambo ya kijamii, elimu na michezo chini ya usimamizi. Kwa hiyo binti na mzee wote mna kipande. Sauti inaruhusiwa, fimbo ndiyo iliyokatazwa. Na kanuni ya 56 inampa kila mfungwa nafasi ya kupeleka malalamiko kila siku kwa mkuu wa gereza au ofisa anayemwakilisha, yeye mwenyewe, si kwa hisani ya nyapara.

Mama wa Chamwino

Karatasi ni nzuri. Ndani hazisomwi.

Mimi nilikaa mahabusu miezi saba kabla kesi yangu haijafutwa, gereza silitaji. Nitawaeleza unyapara ulivyo, maana mnaujadili kama cheo. Nyapara wetu ndiye aliyepanga nani alale karibu na mlango na nani alale karibu na ndoo ya choo. Mnaijua kiangazi cha Dodoma, maji yalivyo shida hata uraiani. Kule maji yalikuja kwa zamu, na zamu aliipanga yeye. Kulikuwa na msichana mwenye mtoto mchanga, alikuwa anafua nguo za nyapara ili na yeye apate maji ya kufulia nepi za mwanawe. Hakuna aliyempiga. Hakuna fujo hata moja iliyoandikwa kwenye kitabu. Afande akipita asubuhi anatukuta kimya, anaridhika.

Mzee wangu, ulisema nyapara ni macho ya afande. Kwetu alikuwa pia mdomo wake. Mfungwa mwenye hukumu anajua tabia njema inampunguzia kifungo, na anaisubiri Desemba kama mvua. Tarehe 9 Desemba 2017, hapa hapa Dodoma, Rais Magufuli alipotangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, kila aliye ndani alijua kuandikwa vizuri kuna maana gani. Sasa kwetu habari za tabia yako zilianzia kwa nani? Kwa huyo unayemfulia. Ndiyo maana tulinyamaza. Afande aliona utii, sisi tulikuwa tunajihesabia siku.

Mzee wa Nkuhungu

Mama, pole. Sitabishana na ulichokiona. Niseme tu kwamba wapo manyapara waliowaokoa wenzao, mmoja alimbeba mgonjwa mgongoni usiku wa manane akigonga mlango mpaka tukafungua. Nikikubali wachague, nitataka kura iwe ya siri na mbele ya ofisa wa kike anayetoka nje ya gereza hilo. Na afande abaki na uwezo wa kumwondoa.

Binti wa Makole

Mzee, kura ya siri nakubali kwa mikono miwili. Kumwondoa nakataa, labda sababu iandikwe na wafungwa wasomewe. Tukiuacha mlango huo wazi, siku msemaji akisema maharage yana wadudu ndiyo siku atakayoondolewa, na tutarudi kwa Ferguson na upendeleo wake. Mama wa Chamwino, samahani nikikurudisha huko. Mngepewa kura, mngemchagua nani? Mngemwogopa yuleyule?

Mama wa Chamwino

Hapana. Wakati wa kugawa uji tulikuwa na mama mmoja wa Mpwapwa, aliingia kwa kesi ya pombe ya kienyeji. Alipima kwa kikombe kimoja, wote sawa, hata nyapara, akajimiminia yeye mwisho kilichobaki chini ya sufuria. Siku nyingine hakikubaki kitu. Tungemchagua huyo, wote, na nyapara alijua. Ndiyo maana alimtoa jikoni.