Mawimbi ya ubongo ya mama na mtoto yanaoana kupita kiasi, kasoro iko wapi?

BintiKibokoni:
Salaam jamani. Tunapima EEG (umeme wa ubongo, kwa elektrodi zinazogusa ngozi ya kichwa) ya mama na mtoto wa miezi 9 hadi 12 kwa pamoja, elektrodi 32 kila kichwa, mashine mbili, sampuli 500 kwa sekunde. Wanacheza dakika 5 na vikombe vya plastiki vya kupangia, kisha dakika 5 kila mmoja na lake. Wakati wa mchezo theta (wimbi la mara 3–6 kwa sekunde, yaani 3–6 Hz) inaoana sana karibu kwa kila jozi. Uzuri huo ndio unaonitia shaka. Nikague nini kwanza?

FundiMawimbi:
Dada, anza na mdomo wa mama. Mtu akisema hutoa silabi kama 4 au 5 kwa sekunde, na taya hupanda na kushuka kwa mwendo huohuo, katikati ya theta yako. Wengi huchuja juu ya 20 Hz wakadhani umeme wa misuli umekwisha. Tenga vipande ambavyo mama yuko kimya, upige hesabu upya.

Kisha tengeneza jozi bandia: mama wa jozi moja na mtoto wa nyingine, mara 1000. Zikioana vilevile, hapo hamna kitu.

Na mashine mbili zina saa mbili za ndani. Zikipishana sehemu 50 kwa milioni, baada ya dakika 10 umepotea milisekunde 30. Kwenye wimbi la 4 Hz hizo ni nyuzi 43 kati ya 360 za mzunguko mmoja. Hilo halizidishi kuoana, lakini usithubutu kusema nani anamtangulia mwenzake. Tuma alama moja kwa mashine zote mbili mwanzoni na mwishoni.

MsomaVideo:
Naongeza kwa Fundi: jozi bandia hazitakuokoa na vikombe. Kila jozi hugonga kwa wakati wake, kwa hiyo ukichanganya, mlio unapotea, na jozi ya kweli itashinda hata kama mama na mwanawe hawajatazamana. Masikio manne yamesikia "ko!" mara moja, basi. Weka alama kila mlio kwenye sauti, ondoa sekunde 1 baada yake. Kwa watakaofuata, vikombe vishonwe vya kitambaa.

Mama_Elektrodi:
Hamjagusa nywele! Mafuta ya nazi huzuia jeli kushika ngozi, ukinzani (kizuizi cha umeme) unapanda. Mwambieni mama aoshe nywele kwa shampuu usiku wa kuamkia kipimo, asipake kitu, na mabutu yafumuliwe. Twende kilioni ziacheni, elektrodi hukaa vizuri kwenye njia. Joto la kaskazi nalo ni balaa: jasho huyumbisha mawimbi chini ya 1 Hz, na maji ya chumvi yakichuruzika huunganisha elektrodi mbili jirani. Mkiona chaneli mbili zinafanana kama pacha, ni hilo. Mwenye mtandio avalishwe kofia ya elektrodi na mwanamke, mlango umefungwa.

BintiKibokoni:
Ahsanteni. MsomaVideo, kutazamana tukuwekee alama vipi kwenye video?

MsomaVideo:
Kamera mbili, moja kwa kila uso, picha 25 kwa sekunde, yaani kila picha milisekunde 40. Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, angalau kwenye video moja kati ya tano. Kappa (kipimo cha jinsi wasomaji wanavyokubaliana) ikiwa chini ya 0.7, rudini kwenye maelezo ya alama kabla ya kuendelea. Na zimeni sauti wanaposoma macho, la sivyo watatia "ametazama" kila mama anapomwita mtoto.