Habari ya bibi ya 1972, niisimulie au niiache?

MjukuuWaKibirizi
Wadau habari zenu, naombeni mawazo maana hili jambo linaninyima usingizi. Bibi mzaa mama alikimbia mauaji ya Burundi 1972, yale wenyewe wanayaita Ikiza, walitoka Nyanza-Lac na mtumbwi usiku kwenye Ziwa Tanganyika mpaka upande wetu huku, sisi tumezaliwa Kigoma tumekua tunajua tu bibi hapendi kelele. Kumbe. Mwaka jana nimejifungua, mtoto akilia usiku bibi anaamka anamwekea kiganja mdomoni, taratibu, hata macho hajafumbua vizuri. Mama akawa mkali, mimi nikamuuliza bibi kwa upole ndo akasema kwenye mtumbwi aliambiwa amzibe mdogo wake mdomo wasisikike. Mdogo wake alipona, yupo Ulyankulu, yale makazi ya wakimbizi wa 1972 kule Tabora, ana wajukuu, ila mkono wa bibi haujatoka ziwani mpaka leo.

Sasa najitolea kufundisha shule moja huku, kuna watoto wenzao wanawaita "mkimbizi" mpaka wanaacha kuja. Nataka nisimulie hii kwenye kikao cha wazazi, niombe lile neno likatazwe darasani. Mjomba kakataa katakata, tumeshakuwa raia nafukua nini. Ninyamaze?

Kijana_Ulyankulu
Hongera ya mtoto dada. Mjomba wako namwelewa kabisa. Sisi huku Tabora wazee wetu walikaa miaka 40 na hilo jina, 2014 ndo watu wa 1972 zaidi ya 160,000 wakakubaliwa uraia. Baba yangu cheti chake kakifunga nailoni tatu kaweka sandukuni, mvua ikinyesha anaenda kukikagua. Mtu kama huyo ukisimulia mbele za watu anaona unamrudisha kulekule, sio ubaya, ni hofu.

MamaTwins_Kasulu
Ila mwenye habari ni bibi sio mjomba, muulize bibi! Babu yangu alipigana vita ya Kagera na Uganda akarudi 1979, alituhadithia mara moja tu tunapukuchua mahindi taa imezimika, usingemkalisha kwenye kiti akakwambia. Ile habari ndo ilinifanya nianze kwenda kukaa na wamama wa Kongo pale kambi ya wakimbizi Nyarugusu, naenda mwaka wa sita sasa, na nilichokiona ni kwamba mtu anataka asikike ila hataki kuanikwa. Muulize kipi kisemwe na kipi kibaki.

mvuvi_wa_karabai
Na akishasimulia usimwache peke yake usiku huo, mama yangu alisimulia akalala na homa siku tatu.

MjukuuWaKibirizi
Asanteni sana jamani. Jana tulikuwa tunachambua dagaa nikamuuliza. Kakaa kimya mpaka ungo ukaisha, akasema sema habari ya mkono, majina ya waliobaki kule usiyataje. Mjomba bado kanuna, nitamfuata taratibu. Usiku nimelala chumba cha bibi na mtoto, na asubuhi kaniuliza kikao ni lini na kile kitenge chake cha bluu kiko wapi.