Ramones London 1977: mkono wa Johnny hauonekani vizuri kwenye video

Nyuzi_Sita
Wakuu, habari. Nina faili la video ya Ramones, bendi ya punk ya Marekani, wakiwa Rainbow Theatre, London, usiku wa 31 Desemba 1977. Nataka kuusoma mkono wa kulia wa mpiga gitaa wao, Johnny Ramone, ila kila akipiga nyuzi picha inachanika mistari kama meno ya kitana. Tena gitaa langu linaendana na albamu yao *It's Alive*, lakini nikipiga pamoja na video haliendani. Natumia VLC, programu ya kuchezea video, kwenye laptop. Kosa ni la faili au mipangilio?

Fundi_Picha
Mkuu, hayo ni matatizo mawili. Mimi nakujibu la mistari.

Video za Uingereza za enzi hizo zilikwenda kwa nusu-picha 50 kila sekunde: moja hubeba mistari witiri, inayofuata mistari shufwa. Laptop ikizionyesha mbili kwa pamoja wakati mkono umeshasogea, kingo hazikutani. Bonyeza D, halafu kwenye menyu ya Video chagua Yadif (2x), njia ya kutenganisha nusu-picha hizo. Yadif ya kawaida haitoshi, na sababu ni hii: wimbo wa biti (midundo) 180 kwa dakika, Johnny anapiga mara mbili kila biti, yaani mara 6 kwa sekunde. Kwa picha 25 unapata kama picha 4 tu kwa kila mpigo. Kwa 50 unapata 8. Hapo ndipo utaona wazi kwamba anapiga kwenda chini tu, mkono ukirudi juu haugusi nyuzi. Simamisha video, kisha bonyeza E kusogeza picha mojamoja.

Kama mtu alipunguza ukubwa wa picha bila kutenganisha nusu hizo kwanza, mistari imeshaingia ndani ya picha yenyewe. Hiyo haitibiki, tafuta nakala nyingine.

Besi_Nne
La sauti lipime kwanza. Albamu ya *It's Alive* ilirekodiwa usiku huohuo, kwa hiyo ndiyo rula yako. Chukua wimbo mmoja, anza kuhesabu ngoma zinapoingia, ishia kodi (chord) ya mwisho ya gitaa. Usipime nyimbo mbili mfululizo, maana katikati video inaweza kuwa imekatwa. Wimbo wa dakika 2 ukiisha karibu sekunde 5 mapema, video imeharakishwa mahali fulani, kama vile picha 24 za sekunde zichezwe kwa 25: kasi imepanda asilimia 4 na sauti imepanda senti 70 hivi, pungufu kidogo ya nusu toni (senti 100).

Weka kasi 0.96. Lakini kwanza, kwenye mipangilio ya sauti ya VLC, ondoa alama ya "time-stretching". Usipoiondoa, kasi itashuka na sauti itabaki juu palepale. Hapo ndipo wengi hukwama.

Nyuzi_Sita
Asanteni sana. Mistari imeondoka, na 0.96 imekaa sawa kabisa. Sasa sauti inachelewa nyuma ya mkono. Nasikilizia spika ya Bluetooth.

Fundi_Picha
Kwa kasi ile ya biti 180, kutoka mpigo hadi mpigo ni milisekunde 167. Bluetooth ikichelewa kiasi hicho, unaona mpigo huu na kusikia uliopita, utajifunza kitu kisicho sahihi. J inawahisha sauti milisekunde 50 kila ukibonyeza, K inaichelewesha. Ila kwa kazi hii tumia visikizio vya waya. Kisha utazame fimbo ya Tommy, mpiga ngoma wao, kwenye haihati (matoazi mawili ya kanyagio): inashuka pamoja na mkono wa Johnny.