Tupeane uzoefu: nani mwingine alimaliza sanduku la bibi kwa kujipamba?

Mjukuu wa Ujiji
Wadau mliokulia kwa bibi, au likizo zote mlikuwa mnapelekwa kwa bibi, njooni tuongelee lile sanduku la uvunguni. Bibi yangu alikuwa Ujiji, akitoka tu kwenda msibani sisi huyooo chumbani, sanduku linavutwa, linatoka na harufu ya udi na nafthalini, doti za kanga hata hazijapindwa, na vile vitenge vya Kongo alivyosema anatunza vya harusi, harusi ya nani hatujui mpaka leo. Mimi ndo bi harusi kila siku maana ndo mdogo na sina ubishi. Shela kitambaa cha kochi kile cha kufuma, lipstiki mawese. Eeh mawese, wa Kigoma mnanielewa, unachovya kidole unapaka, unang'aa mpaka kidevuni. Sasa binamu yangu akajifuta kwa kanga nyeupe ya bibi ya kutokea, na doa la mawese mnalijua, bibi alifua akaanika juani akafua tena, wapi. Hakutuchapa, ila kila mgeni akija kanga inatolewa anaonyeshwa.

Mama Pacha
Sisi raizoni, vile viatu vya soli nene, za mama mdogo za enzi za bugaluu 😂 ngazi mbili tu nikajikuta chini, kovu ninalo

Mtoto wa Isevya
Wanaume nasi tulikuwepo jamani. Kwa bibi Tabora kulikuwa na koti la babu la reli, babu alishastaafu kitambo, linanifika kwenye visigino, na kofia na filimbi. Tunapanga vigoda vyote vya bibi mstari mmoja ukumbini, abiria ni binamu zangu wamejitanda khanga za bibi, mmoja kafunga mto mgongoni ndo mtoto, napuliza filimbi naita vituo kama babu alivyonifundisha, Urambo, Kaliua, wa Mpanda mshuke hapa mbadilishe, Nguruka, Uvinza, Kigoma mwisho wa reliii! Bibi anapita zake na ungo tunamwambia bibi subiri treni ipite, na kweli anasubiri.

Bi Mdogo wa Gungu
Nyie mna afadhali. Nyumba ya bibi ilikuwa jirani na pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, wageni wanakuja kuona alipokutana na Stanley mwaka 1871, basi na sisi mchezo ndo huo huo. Unga wa muhogo uso mzima, kaka anavaa pama la babu, mwingine anajilaza chini ya mwembe ndo Livingstone mgonjwa, wanapeana mikono kwa heshima zote. Wasichana eti wapagazi, tubebe vikapu kichwani tuzunguke nyumba! Siku moja nikagoma, leo Stanley mimi, nikavaa pama likanishuka mpaka puani, mkono nikaupa mwembe.

Mama Pacha
Bi Mdogo umeniua 🤣🤣 mwembe ulikuitikia?

Mjukuu wa Ujiji
We wa Isevya nauli mlikuwa mnalipana nini?

Mtoto wa Isevya
Kokwa za maembe dada. Asiye nayo namshusha Urambo.